Shimo la Choo Lililokataa Kuisha

"Wamboi! Hebu njoo uone. Limepungua tena!"

Nikatoka jikoni mbio. Boaz alikuwa amesimama ndani ya shimo la choo nyuma ya nyumba yetu, kichwa nje, shingo nje. Jana yake jioni tuliona nywele tu.

"Jana fito ilisema futi sita. Leo tano na kidogo. Umewahi kuona shimo likipanda?"

"Pengine ni udongo wa huku," nikasema. "Udongo wa Ruiru ni mkaidi."

"Yaani unafura?"

"Kama unga wa mandazi."

Akatoa penseli nyuma ya sikio akaandika kwenye daftari lake: udongo wa Ruiru unafura. Mimi nikageuka, nikajifanya nafukuza kuku.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, haijaisha. Tulikuwa tumerundikwa kijijini pembeni mwa mashamba ya kahawa, mtaro umetuzunguka, lango moja, na asubuhi hufunguliwa kwa baragumu. Boaz alikuwa mtu wa Maragoli, akisomea ualimu chuoni Thika. Kabla ya kupewa cheti, wanafunzi waliletwa kwetu mwezi mmoja kujifunza kutumikia raia. Asubuhi walifundishwa kambini mambo ya uraia na kufunga vidonda. Mchana kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Awafundishe watu kuchemsha maji, awajengee kichanja cha kukaushia vyombo, na achimbe choo cha futi kumi na mbili. Nyumba ikikamilika, mkaguzi anatia sahihi, na mwanafunzi anarudi Thika siku hiyo hiyo.

Siku hiyo hiyo! Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima raha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliacha darasa la tatu, nikawa wa kuchuma kahawa. Siku ya kwanza Boaz alifika na bendeji mfukoni.

"Dada, kaa kama umevunjika mkono."

"Nimevunjika wapi?"

"Hapa. Usicheke. Mtu aliyevunjika hacheki."

Akanifunga mpaka shingoni. Maitu, yaani mama yangu, Ngina, akaingia na kuni mgongoni.

"We kijana! Umekuja kutufundisha usafi ama kunifungia msichana kama mzigo wa sokoni?"

Boaz akaangusha bendeji yote. Mimi nikaangusha kitu kingine kisichoonekana, na sijakiokota mpaka leo.

Basi niseme. Shimo halikufura. Kila alfajiri baragumu ikilia, Maitu akishuka mtoni, mimi nilichukua karai nikarudisha udongo. Karai kumi, siku nyingine kumi na tano. Sikutaka kumuumiza. Nilitaka siku moja tu zaidi. Halafu kesho yake nilitaka nyingine. Nilikuwa jikoni, mara langoni, mara shimoni, kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Na Boaz, maskini, akichimba huku akikariri masomo yake kwa sauti.

"Raia mwema hunawa mikono. Raia mwema husaidia jirani. Raia mwema husema ukweli hata ukimchoma."

"Hata ukimchoma sana?" nikauliza toka juu.

"Hapo ndipo hasa."

Alhamisi akaona viganja vyangu.

"Wamboi, haya malengelenge ni ya nini?"

"Kahawa."

"Kahawa huchumwa kwa vidole. Haya yako katikati ya kiganja."

"Wewe umekuja kuchimba choo ama kunichunguza?"

Aliniosha kwa maji yaliyochemshwa, akanifunga polepole, akaniachia kikaratasi. Nilikaa nyuma ya ghala la kahawa nikikisoma silabi kwa silabi:

"Wamboi, nikipata sahihi ya mkaguzi nitakuwa na neno la kumwambia Maitu. Mtu asiye na cheti hawezi kusimama mbele ya mama wa msichana. Niombee choo kiishe. B."

Ngai! Nilikisoma mara tatu. Neno nililokuwa nalisubiri nimelizika mwenyewe, karai kwa karai!

Nikaapa sitagusa udongo tena. Lakini nilikuwa nimechelewa. Boaz alikuwa amemweleza mwalimu wake habari za udongo unaofura. Mwalimu akacheka, akamsimulia Gachanja, mkubwa wa kijiji chetu. Gachanja hakucheka.

Ijumaa tukaitwa wote uwanjani. Mbele ya watu, chini mavumbini, ameketishwa Mburu, kijana wa mtaa wetu aliyekuwa akinitaka tangu tukiwa wadogo.

"Choo ni kazi ya serikali," Gachanja akanguruma. "Mtu anafukia kazi ya serikali, huyo ni adui. Na huyu amesikika ghalani akisema choo cha mgeni hakitaisha. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, mzee. Lakini ilikuwa wivu tu. Sijagusa shimo la mtu."

"Wivu utaueleza polisi."

Mburu akainua uso akanitazama. Hakuomba kitu. Nikajua nikinyamaza, nimeondokewa na mchumba nisiyemtaka, na Boaz atabaki akiniona msichana mzuri. Ilinitosha kunyamaza tu.

Nikaona bendeji mkononi mwangu. Nikainua mkono.

"Mzee, mwache. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi nilirudisha udongo. Malengelenge haya hapa. Boaz mwenyewe ndiye aliyeyafunga."

Maitu akashika kichwa.

"Atiriri, hebu sema, Wamboi! Nani alikutuma?" Gachanja akauliza.

"Hakuna."

"Ulitaka nini basi?"

"Choo kikiisha anaenda."

Mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, halafu wote. Hata askari wa langoni aligeuka apate kucheka. Gachanja akajikuna kidevu kwa muda mrefu.

"Mburu, simama, nenda nyumbani. Na wewe msichana, utafagia uwanja huu mwezi mzima. Serikali haina jela ya wazimu wa namna hii."

Waliocheka walicheka. Boaz hakucheka. Nilimkuta shimoni akipiga sururu kama anaua nyoka.

"Boaz."

"Nimeandika kwa daftari kwamba udongo unafura. Nimeandika kwa mkono wangu! Mwalimu amelisoma mbele ya darasa."

"Nisamehe. Nipe sepetu nikusaidie."

"Toka hapo, Wamboi."

Aliyeshuka shimoni ni Mburu, na jembe lake.

"Songa, mwalimu. Nimekalishwa mavumbini kwa ajili ya shimo hili. Na mimi nataka liishe."

Walichimba mpaka baragumu ya kufunga lango. Jumamosi mkaguzi akatumbukiza fito. Futi tisa.

"Kumi na mbili," akasema, akafunga daftari.

Wenzake wote walipita. Boaz akaambiwa atarudia na kundi lijalo, baada ya miezi mitatu. Alipanda lori la chuo akiwa ameangalia upande wa Thika. Hakugeuka.

Sasa niseme nini? Nilifagia uwanja. Nikimaliza kufagia, nilichuma kahawa. Nikimaliza kahawa, nilishuka shimoni peke yangu na sururu. Maitu alinichungulia siku moja.

"Sasa unachimba! Ameshaenda."

"Ndiyo maana nachimba, Maitu."

Akasimama kidogo, akavua kitambaa, akaanza kuvuta karai kwa kamba.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, barua ikafika kwa karani wa shamba. Mistari michache:

"Wamboi, tumeruhusiwa kuchagua nyumba. Mimi nimechagua. Jumatatu nitakuwa hapo. Usiguse karai. Boaz."

Jumatatu alikuja amekonda, penseli nyuma ya sikio. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakuta choo kimeezekwa, mlango wa magunia, mfuniko, na mkebe wa maji ya kunawa. Akatumbukiza fito. Ikazama yote na mkono wake mpaka kiwiko.

"Nani amechimba hili?"

"Hakuna. Ni udongo wa huku," nikasema. "Umepungua wenyewe."

Akajaribu kukaza uso. Haukukazika.

"Wamboi, unajua mkaguzi akiona hili nitaondoka leo hii?"

"Najua. Ondoka."

"Hutarudisha hata karai moja?"

"Hata moja. Lakini ukirudi, usije na fito. Njoo na wazee."

Mkaguzi akatia sahihi kabla ya saa tisa. Boaz akasimama mbele ya Maitu, cheti bado hakijafika, neno likamwishia mdomoni. Maitu akamwonea huruma.

"Kijana, nimevuta karai miezi mitatu. Unafikiri sijui unataka kusema nini?"

Alirudi Jumapili ya pili na wazee watatu kutoka Maragoli. Gachanja mwenyewe aliwafungulia lango, na Mburu akawabebea mizigo akinong'ona, "Wamboi, safari hii usifukie mtu." Maitu alikuwa amepika tangu asubuhi, amevaa nguo ya kanisa, amepanga maneno mazito ya kuwaambia.

Wakaketi. Chai ikamiminwa. Mzee mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amesafiri kwa gari la moshi usiku na mchana, akainua mkono watu wanyamaze. Sote tukatega masikio tusikie posa.

"Mama," akasema, "kabla hatujaanza, choo kiko wapi?"