Taa ya Risiva Ilipotulia

Jua lilikuwa linaelekea magharibi nilipoingia kwa fundi na droni ya kaka yangu ndani ya mfuko. Nilitaka risiva tu, kile kidude kinachopokea amri za rimoti na kuzipeleka kwenye ubongo wa droni.

Kaka alikuwa akipiga picha za mashamba na machimbo kutoka angani. Miezi minne nyuma alikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyo nyuma ya mtaa wetu, hakurudi. Droni ilikutwa imeanguka kando ya shimo. Yeye hakuonekana, wala rimoti yake. Watu wakasema ametoroka, ana mwanamke mahali. Mama akawa hapati usingizi. Mimi nikaacha kuhisi kitu. Nilikula, nilioga, nilijilaza, basi. Wateja wake walipozidi kupiga simu, niliona heri niifanye mimi kazi yake.

Fundi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwaga risiva tatu mezani.

"Mdogo wangu, usichague kwa sura, hapa hatuposi," alisema. "Risiva lazima isikilizane na wawili: rimoti huko mbali na ubongo hapa ndani. Hii inatoa ishara zilizogeuzwa, ubongo wako hautazielewa. Hii nayo nzuri, ila ni ya ukoo mwingine wa rimoti."

Ya tatu ilikuwa ndogo kama ukucha. Hiyo ndiyo iliyokubali. Aliichomelea nyaya nne, akang'oa mapanga ya droni yasije yakatukata, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi.

"Hizi hutambuana na rimoti kwa neno la siri. Tuweke lilelile la kaka yako. Ukinunua rimoti mpya, tutaipa hilohilo."

"Kidoti," nikamwambia. Ndivyo kaka alivyokuwa akiniita.

Akaandika. Akachomeka betri.

Taa ya risiva ikapepesa. Ikapepesa...

Ikatulia.

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ikitulia, maana yake imeipata rimoti," alinong'ona.

"Rimoti gani?"

Dukani hapakuwa na rimoti iliyowashwa. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kijiti cha kupandishia droni ulikuwa unapanda taratibu, unashuka. Unapanda... unashuka. Kama kifua cha mtu aliyelala.

Nguvu ya mawimbi: kumi na mbili.

Harufu ikaingia. Vumbi la mawe yaliyoloa.

Nilipaswa kupiga kelele. Nilibeba droni tu, nikaelekea mlangoni.

"Lete kompyuta, dada."

Alinifuata bila hata kufunga duka, waya ukining'inia kati yetu. Tulipokata kushoto, namba ilishuka. Tulipogeukia machimboni, ikapanda.

Thelathini. Hamsini na moja. Themanini.

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tulipofika shimoni. Chini, ukutani, palikuwa na rundo la mawe yaliyoporomoka. Tuliteremka mpaka pale.

Tisini na tisa.

"Kaka?" niliita kwa sauti ya chini.

Mstari ukaganda.

Tukasimama. Hatukusogea hata hatua moja. Kisha namba ikaanza kushuka yenyewe. Tisini. Sabini. Arobaini...

"Umeitikisa?" fundi alininong'oneza.

"Hapana."

"Basi inaondoka."

Upande wa pili wa shimo kokoto zililia. Kraa... kraa... Hatua za mtu asiye na haraka. Tulitazama huko wote wawili, na macho yalikuwa bado yanaona vizuri.

Hapakuwa na mtu.

Taa ikaanza kupepesa tena.

Asubuhi wachimbaji waliondoa lile rundo. Kaka alikuwa chini yake, rimoti kifuani. Fundi ndiye aliyeifungua, dukani kwake. Betri ilikuwa imevimba na kuoza, sehemu zake zote zimekula kutu.

"Hii haijawaka tangu siku ile," alisema. Akairudisha mezani polepole, kana kwamba ingemuuma.

Tulimzika mchana. Mama alilala hadi kesho yake. Mimi sikulia, nilipokea mikono ya watu, nikagawa chai, nikaosha vikombe.

Wiki iliyopita fundi alinipigia simu.

"Mdogo wangu, nami sipati usingizi. Tuiwashe tena ile risiva, tuone kile kitu kimefika wapi?"

"Hapana, dada."

"Hutaki kujua ni nini?"

Nilifikiri kidogo. Kilikaa na kaka miezi minne mle chini, kikamwachia rimoti yake, kikaenda zake kwa miguu.

"Kikiondoka nilikisikia," nikamwambia. "Sitaki kujua kama kimegeuka kurudi."