Ramani Tuliyotaka Kuikataa Pointe Cyprien

Kila Ijumaa ya Kwaresima, Ulysse Guidroz huchemsha kamba wa kinamasi uani kwake. Huwamwaga juu ya meza iliyotandikwa magazeti, pamoja na mahindi na viazi, na majirani wote hukaribishwa. Mambo ya kijiji chetu, Pointe Cyprien, tunayaamua hapo. Ofisini tunakwenda kupiga kura tu.

Ijumaa moja Ulysse, ambaye ni mmoja wa madiwani wetu watatu, alikuja mezani na karatasi.

"Serikali imechora upya ramani ya mafuriko," alisema. "Mtaa wetu wote umewekwa kwenye eneo la hatari. Nyumba yangu mimi haijawahi kuingia maji. Tukiikataa ramani hii, haituhusu. Wekeni sahihi."

Tuliweka, vidole vikinuka pilipili. Mimi pia niliweka. Ndivyo tulivyo sisi: serikali ikituambia kumekucha, tunatoka nje kwanza kuhakikisha. Hata Eula, dada yake Ulysse, aliweka. Eula ni mjane. Miaka sita iliyopita maji yalijaa sebuleni kwake, na nyumba yake ilijengwa upya kwa bima ya mafuriko.

Jumatatu Ulysse alimpelekea karatasi Loretta Prejean, karani wa kijiji. Loretta aliisoma polepole.

"Ulysse, bima ya Eula inaisha lini?"

"Agosti. Ataihuisha, kama kila mwaka."

"Hataweza. Bima hii ya serikali inauzwa kwenye vijiji vilivyokubali masharti yake tu. Ramani inaanza kutumika Julai. Kabla ya hapo lazima tupitishe sheria ya kijiji ya kuikubali. Tusipopitisha, kijiji kizima kinasimamishwa. Hakuna bima mpya, hakuna kuhuisha ya zamani."

"Hata wanaoishi kule mwinukoni, karibu na kanisa?"

"Hata wao."

"Lakini tukiikataa si inakufa?"

"Haifi. Itaanza kutumika vilevile. Tutakachokuwa tumekataa ni bima. Kama unaona wamekosea kiwanja chako, mlete mpima ardhi, tupeleke vipimo na maombi yako. Hiyo ni haki yako. Lakini usikifungie mlango kijiji kizima."

Ulysse alikwenda moja kwa moja kwa Eula. Alimkuta akimwagilia nyanya.

"Dada, ile karatasi uliisoma?"

"Sikuisoma. Si uliileta wewe?"

Ulysse aliona aibu, akashindwa kumtazama.

Kwenye mkutano wa Mei ukumbi ulijaa. Ulysse aliposimama kuunga mkono ramani, watu walianza kuguna.

"Wamekupa nini, Ulysse?" Harlan, muuza chambo, alimdhihaki.

"Hawajanipa kitu. Niliwaambia jambo nisilolijua. Nikiendelea na ubishi wangu, dada yangu atabaki bila bima. Na wewe, Harlan, utabaki hivyo hivyo."

Harlan aliketi. Loretta akaeleza tena, taratibu, mpaka tukaelewa. Madiwani wote watatu walikubali.

Ulysse, ambaye hakuwahi kuwa na bima, alitaka kungoja kwanza, aone msimu wa vimbunga utakuwaje. Loretta akamkatalia.

"Kwa kawaida bima mpya haianzi kufanya kazi mpaka zipite siku thelathini. Ukiliona wingu ndipo ukimbilie, umechelewa."

Ulysse alinunua Juni, huku akinung'unika. Agosti Eula alihuisha yake.

Kimbunga kilikuja Septemba. Tulihama mapema, tukanusurika. Tuliporudi, maji yalikuwa yamefika kiunoni kwa Eula. Kwa Ulysse, ambako hayakuwahi kuingia, yalifika magotini.

Wakaguzi wa bima walikuja, wakapima, wakaandika. Mafundi walibomoa kuta zilizolowa, wakajenga upya. Kabla ya Krismasi Eula alikuwa amerudi kwake. Siku hiyo ya kwanza alimkaribisha Ulysse jikoni, akaanza kumsema kuhusu rangi ya ukuta ambayo Ulysse alimchagulia.

"Rangi gani hii? Kama homa ya manjano."

Ulysse alivuta kiti, akaketi, akalia kama mtoto.

"Sawa basi," Eula akasema, akimmiminia kahawa. "Nitaizoea."