Miguu ya Keinan

Jumatano, saa nne asubuhi, soko la mifugo la Garissa. Tairi la lori lilipasuka, pa! Mbuzi wakaruka, watu wakacheka, na Keinan akamrukia Khalif shingoni.

Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa madalali wawili wanavutana bei ya beberu, basi. Sasa Keinan amemkalia mwenzake kifuani, anamshindilia ngumi za uso mpaka damu ikalowesha kikoi. Wanaume ishirini walisimama pale wakipiga kelele, "Warya! Warya!" na hakuna aliyenyoosha mkono. Wanaume wa mdomo tu hao, nawajua.

Aliyenyoosha mkono ni Ruqiya, daktari wa mifugo, na jilbabu yake ya rangi ya machungwa na mabuti ya mpira miguuni. Aliikamata shali ya Keinan kwa nyuma akaivuta kama anavuta ndama.

"Wee! Utamuua mwana wa watu!"

Keinan akageuka, ngumi juu. Akamwona. Ngumi ikabaki hewani.

"Bole, abaayo, dada," alisema. "Nilisikia risasi."

Ruqiya alimtazama machoni. Amechanja ngamia miaka mitano, na macho kama yale anayajua. Mnyama aliyeshtuka humfungi wala humchapi. Unamtembeza.

"Simama. Twende."

"Wabi?"

"Popote penye miti."

Ndivyo walivyojuana. Njiani Keinan alimweleza. Miaka miwili nyuma, basi alilopanda kutoka Mandera lilimiminiwa risasi, na kaka yake Abdiwahid akafia mapajani mwake. Tangu siku hiyo mlango ukibamizwa tu, mikono yake haimsubiri mwenyewe. Alishavunja taya ya jirani.

Wakawa wanatoka kila siku baada ya alasiri, nje ya mji, kuelekea Bour-Algi kwenye twiga. Mji una macho, na Ruqiya si mtu wa kushikwa mkono na asiye mumewe. Kwa hiyo yeye alishika ncha moja ya shali, Keinan akashika nyingine. Keinan akiganda njiani, Ruqiya anavuta.

"Taja unachoona."

"Mgunga. Twiga. Mafi ya twiga."

"Na nini tena?"

"Wewe."

"Mimi mti?"

"Wallahi ungekuwa mti ningehamia chini yako."

Ruqiya alicheka mpaka akashika kiuno. Kazaliwa Malindi, baba Msomali, mama wa pwani, na Kisomali chake kinaishia kwenye salamu. Basi mapenzi yao yalikuwa ya Kiswahili, na Keinan alikitesa Kiswahili cha watu bila huruma.

"Nakubenda, Ruqiya."

"Unanibenda? Ugonjwa gani huo?"

"Mbaya sana. Umefika kwa mifuba."

Na kweli alikuwa anapona. Mtu aliyekulia nyuma ya ngamia, mji ulikuwa umemkalisha chini na mawazo yake. Sasa vumbi na miiba na ndege vilimpa kitu kingine cha kusikiliza. Usingizi ulirudi. Mwezi wa pili alikula akashiba, na Ruqiya akaanza kuota harusi.

Kisha siku moja twiga akakanyaga tawi kavu nyuma yao, ta!

Ngumi ya kwanza ilimpata Ruqiya mdomoni. Akaanguka kwenye miiba. Ya pili ikampata sikioni. Ya tatu ilikuwa njiani Keinan alipoona ni nani aliye chini yake, akapiga mayowe, akauendea mti na kujipigiza kichwa. Ruqiya alitema jino kiganjani.

"Akikupiga porini mchana kweupe, chumbani atakufanya nini?" shangazi yake Osob alifoka. "Umkome mtu huyo!"

Siku tatu Ruqiya hakupokea simu. Ya nne ukaingia ujumbe: "Ruqiya tafadhali nifute."

Aliusoma mara kumi. Yaani amempiga, na bado yeye ndiye anayetaka kufutwa! Akaandika, "Haya, nimekufuta." Akafuta namba, akafuta picha, akalia mpaka kidonda cha mdomo kikafunguka.

Jumatano iliyofuata alikuwa zizini pale sokoni anachanja aliposikia zogo. Khalif hakuwa amesahau. Alikuja na ndugu wawili na marungu, wakamwangusha Keinan, wakampiga mbavu, na sasa walikuwa wanamburura kwa miguu juu ya mavi na mawe, kichwa kinagonga.

"Niueni habahaba!" Keinan alipiga kelele. "Msinifute! Msinifute miguu!"

Ruqiya alisimama na sindano mkononi. Msinifute? Nani anamfuta? Huyu si anavutwa! Ndipo ikamwingia. *Nifute. Nivute.* Ya Allah, mtu aliandika kama anavyosema!

Alikimbia. Akamchoma Khalif sindano ya mbuzi takoni, mpaka mwisho. Khalif akaruka akilia, ndugu zake wakaacha miguu, na Ruqiya akapiga magoti kwenye mavi.

"Uliniandikia nini, mjinga wewe?"

"Unifute. Na shali. Nilikuwa nimeganda." Damu ilikuwa inamwingia jichoni. "Ukajibu umenifuta. Nikafurahi. Nimekungoja kwa barabara kila alasiri."

Ruqiya alilia hadharani, soko zima linatazama.

"Niruhusu nilete wazee kwa baba yako," Keinan alisema.

"Nakupenda, Keinan. Na nakuogopa. Siwezi kulala na mtu ninayemwogopa."

"Hata mimi najiogoba." Hakubishana. Mbavu zilipopoa alichukua ngamia wa mjomba wake, akaondoka kuelekea Hulugho kwa miguu. Gari alilikataa.

Siku kumi na mbili Ruqiya aliangalia simu zaidi kuliko alivyoangalia mbuzi. Ya kumi na tatu ikalia.

"Nimefika. Umeamkaje, qalbi?"

"Qalbi yako nani? Sema. Unalala?"

"Siku ya tano nililala bila kuota. Nilitaja miti yote mbaka majina yakaisha. Jana magharibi mlinzi alifukuza fisi. Alibiga risasi tatu, karibu na sikio langu."

Ruqiya aliketi chini, mgongo kwenye ukuta wa zizi. "Ukafanya nini?"

"Nikatetemeka. Nikashika nyasi. Halafu nikatembea, nikatembea mbaka mikono ikawa yangu tena."

"Umempiga nani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Ruqiya. Mlinzi amenibikia chai."

Ruqiya alifunika mdomo wenye pengo akalia kimya.

"Nitamwambia baba awapokee wazee wako," alisema hatimaye. "Lakini rudi kwa miguu, hivyo hivyo ulivyokwenda. Unanisikia?" Akasikiliza. "Keinan? Mbona unahema?"

"Nishaanza kutembea."