Spika za Nyuma

Wanja mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari hii, Desemba ya mwaka wa 1997, tukipukuchua mahindi nyuma ya nyumba yangu hapa Ruiru. Alisimulia polepole, nami sikumharakisha.

Mwaka uliotangulia, Wanja alikuwa darasa la nane. Aliishi Gatongora kwa mjomba wake Gachau, kwa sababu shule ya kwao Gatuanyaga haikuwa na walimu wa kutosha. Kila asubuhi aliwasha jiko, akapika chai, akapiga rangi viatu vya Kagwe, mtoto wa mjomba wake, ndipo akajitayarisha kwenda shule. Jumamosi alifua vitambaa. Katika nyumba ile kila kitu kilivaa kitambaa: viti, meza, televisheni, hata chupa ya chai. Mama Kagwe alivifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, na kazi ya Wanja ilikuwa kuvifua, kuvipiga pasi na kuvirudisha mahali pake.

Kagwe alikuwa darasa la sita. Alimwita binamu yake "Wanja wa Vumbi" mbele ya wenzake.

"Kwenu mna redio kweli?" alizoea kumuuliza. "Ama mnasikiliza punda?"

Wenzake walicheka. Wanja alitaka kitu kimoja tu: kufanya mtihani wa darasa la nane mwezi wa Novemba, apate shule ya sekondari.

Gachau alikuwa na mtambo wa muziki wa zamani, amplifaya nzito yenye spika mbili za mbao. Aliununua akiwa kijana na aliupenda sana. Siku moja alikwenda Thika kwa fundi wa redio aitwaye Zacharia, akarudi na spika mbili ndogo na waya mrefu.

"Sasa sauti itatuzunguka," alisema, akipiga magoti kwenye zulia. "Njooni muone. Spika hizi zinakaa nyuma ya viti. Nyuma ya mtambo, waya moja inaingia tundu jekundu la kulia, nyingine jekundu la kushoto. Matundu meusi hayaguswi kabisa. Spika za nyuma zinatoa zile sauti tu ambazo haziko sawa katika spika mbili za mbele."

"Na tukiweka vibaya?" Kagwe aliuliza.

"Waya zikigusana, mtambo unaungua. Kwa hivyo hakuna mtu kuuwasha nikiwa kazini. Na kitambaa kisiwekwe juu yake. Sasa utakuwa na joto zaidi, lazima upumue. Mama Kagwe, umesikia?"

"Uchi namna hiyo, mbele ya wageni?" Mama Kagwe alinung'unika. Lakini alikubali.

Gachau aliweka kanda ya kwaya iliyorekodiwa kanisani. Waimbaji walikuwa mbele, lakini makofi na vigelegele vikatokea nyuma, kama vile watu wameketi nyuma ya viti. Mama Kagwe aligeuka kutazama. Gachau alicheka hadi akatoa machozi, na siku hiyo hiyo akawaalika wenzake wa kazini waje Jumamosi jioni.

Jumamosi hiyo mchana, Gachau alikuwa kazini na mkewe alikuwa sokoni. Wanja alikuwa nje akifua. Kagwe alimwingiza rafiki yake Samir, kijana wa jirani aliyesoma darasa moja na Wanja. Kagwe hakumwambia kwamba wamekatazwa.

"Wallahi, kuna mtu nyuma yangu!" Samir alipiga kelele kanda ilipoanza. Akaruka kutoka kwenye kiti. Mguu wake ukanasa waya, na spika za nyuma zikanyamaza.

"Pole, ndugu yangu. Nimeharibu?"

"Haijaharibika. Nenda tu, nitarudisha mwenyewe."

Samir alipoondoka, Kagwe aliuzima mtambo, akazisukuma waya kwenye matundu bila kukumbuka nyekundu wala nyeusi. Nyuzi za shaba zilibaki zimetapakaa na kugusana. Aliona hazikukaa vizuri. Basi akachukua kitambaa kikubwa kilichokuwa kimekauka, akakitandaza juu ya amplifaya kikaning'inia nyuma, ili baba yake asione.

Wanja aliingia na vitambaa vingine mkononi. "Nani ameweka hiki? Mjomba alikataza."

"Mama ndiye ameweka," Kagwe alisema. "Kiguse uone."

Wanja akakiacha.

Jioni wageni walifika. Gachau alikuwa na furaha, anaongea bila kupumzika. Alikiona kitambaa, akacheka, "Wanawake na vitambaa vyao!" Akakunja upande wa mbele tu ili afikie vitufe. Akawasha na kuongeza sauti.

Kwaya iliimba maneno matatu hivi. Kisha ukasikika mngurumo, halafu harufu ya plastiki inayoungua. Moshi ukapanda katikati ya kitambaa cheupe. Mgeni mmoja akang'oa waya wa umeme ukutani. Mwingine akasema, "Gachau, huo ndio muziki wa kuzunguka? Mimi naona moshi ndio unatuzunguka." Wakacheka.

Gachau hakucheka. "Nani amefunika?"

"Vitambaa ni kazi ya Wanja," alisema Mama Kagwe. "Nilisema mtoto huyu hasikii."

"Si mimi, mjomba. Nilikikuta hapo, Kagwe akaniambia..."

"Hata mimi nilimwona akikiweka," Kagwe alisema. Alikuwa ameshika sinia ya soda.

Wanja alimtazama. "Uliniona wapi, Kagwe?"

"Mchana. Ulikuwa unaimba."

Gachau alivua mkanda. Alimpiga Wanja mbele ya wageni, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Kagwe aliendelea kugawa soda. Kesho yake Wanja alipelekwa kwao Gatuanyaga na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Rudi ukachunge," Mama Kagwe alimwambia mlangoni. "Mbuzi hawana vitu vya kuchoma."

Mtihani ulikaribia. Gachau alidhani dada yake atamleta mtoto siku ikifika. Dada yake, Mukonyo, naye alidhani Gachau hataki kumwona tena mtoto huyo nyumbani kwake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kagwe alijua siku za mtihani, na alijua nani amekosa. Alinyamaza.

Mtihani ulipokwisha, Samir alibisha hodi. Gachau ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, baba Kagwe. Tumemaliza mtihani. Nimekuja kuomba kusikiliza tena zile spika za nyuma."

"Tena? Kwani ulizisikia lini?"

"Ile Jumamosi mchana, na Kagwe. Mpaka nikakwaa waya, akasema ataurudisha mwenyewe." Samir akaona uso wa mzee, akaanza kurudi nyuma. "Na Wanja mgonjwa? Dawati lake lilikuwa na namba yake, lakini halikukaliwa hata siku moja."

Gachau aligeukia ndani ya nyumba. Akamwita Kagwe.

Siku iliyofuata walifika Gatuanyaga, baba na mwana, viatu vyekundu kwa vumbi. Mukonyo, ambaye Kagwe alimwita Tata, yaani shangazi, alikuwa akikamua mbuzi. Hakuinuka. Wanja alikuwa amemshika mbuzi pembe.

"Sema," Gachau alimwambia mwanawe.

Kagwe alisema yote, macho chini. Akamaliza, "Nisamehe, Wanja."

"Mtihani umeisha," Wanja alijibu. "Utanifanyia wewe?"

Gachau alijaribu kuzungumza. "Dada, atarudi kwangu kesho. Atarudia darasa la nane, na hatafua hata kitambaa kimoja. Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo," alisema Mukonyo. "Ulimuuliza mtoto huku umeshika mkanda. Ungesikia nini?" Kisha akamgeukia Kagwe. "Na wewe, sikiliza. Kuungua kwa mtambo kulikuwa ajali. Ungesema siku hiyo, ungechapwa, yangeisha. Lakini kosa lako ulimbebesha mwenzako, na kila asubuhi ulipoamka ukanyamaza, ulimbebesha upya. Kusema ukweli ni kusema ungali unaweza kusaidia. Wewe umesema ulipokamatwa. Amepoteza mwaka mzima, na pole yako haiurudishi."

Akampa Kagwe kamba ya mbuzi. Likizo yote ile alitakiwa abaki pale, achunge, achote maji, afanye kazi za Wanja.

Walikula mapema. Gachau alilala kwenye kiti, na Mukonyo akazima taa. Kagwe alilazwa kwenye gunia karibu na kitanda cha Wanja, akaanza kulia kwa kujificha. Wanja alimsikia vizuri. Angeweza kumwambia pole, lakini hakumwambia. Alikaa macho akisikiliza hadi kilio kikaisha na Kagwe akalala. Ndipo Wanja naye akavuta blanketi, akageukia ukuta, akalala.