Usimpishe Bwana Shauri

Kikohozi kilitoka pasipo pake. Tupokigwe alikuwa ameinama uani akigeuza kakao kwenye mkeka, akasikia buti zikija kutoka barabarani, na nyuma ya buti kile kikohozi kikavu cha baba mkwe wake. Akafanya kama alivyofanya siku zote tangu aolewe: akavuta kitenge mpaka usoni, akatoka njiani, akaugeukia mgomba. Buti zikampita, zikapanda kibarazani. Ndipo baba mkwe akakohoa tena, safari hii kutoka chumbani, dirisha la nyuma, anakolala.

Alibaki anautazama mgomba. Mtu hawezi kupanda kibarazani na huku amelala kitandani. Lakini mwanamke aliyeolewa katika nyumba ile hakuwa na namna ya kuhakikisha, maana kuhakikisha ni kuangalia, na kuangalia ndiko kulikokatazwa.

Wanyakyusa wa zamani waliiita desturi hii ukutila. Mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe, hamsemeshi, wala halitaji jina lake. Siku hizi wengi wameacha. Wakwe wanakula meza moja na kutumiana vocha. Nyumba ya baba mkwe wake, Kapteni Angetile, hapo Katumba Songwe, haikuacha. Wala si kwamba Kapteni alikuwa mkali. Aliyeishikilia desturi ni mkewe, Mama Atupele, na Kapteni aliyewahi kuamrisha kombania nzima, nyumbani kwake aliamrishwa. Akitaka kumwambia mkwewe jambo alimwambia kuku. "Wewe kuku, mwambie mwenzio uji wa leo ulikuwa mtamu, ndaga fijo, asante sana." Tupokigwe naye alijibu kwa kuliambia jiko. Walipendana sana kwa njia hiyo, na hawakuwahi kuonana uso.

Kapteni alikuwa mtu wa mpakani maisha yake yote. Ujanani aliulinda Mto Songwe kwa bunduki. Baadaye mto ulipohama njia yake, kama unavyopenda kufanya masika, na mashamba ya watu wa huku yakajikuta upande wa Malawi, wakubwa wakamvua bunduki wakampa watu. Akawa msimamizi wa familia za mtoni: awagawie unga na mabati, awaonyeshe pa kujenga, asuluhishe ugomvi wao na wa ng'ambo. Ni kazi ya kuchukiwa na pande zote mbili, na aliifanya bila kumpandishia mtu sauti. Alikaa peke yake katika nyumba chakavu ya mawe juu ya tuta, iliyoachwa na Wajerumani, mpaka mto ulipoimeza nyumba hiyo naye akastaafu. Wenyeji walikuwa wamemwonya kwamba nyumba ya mawe ina mwenyewe. Alicheka. Aliporudi nyumbani hakucheka tena, lakini pia hakusema neno.

Sasa buti zilikuja kila siku, mara asubuhi, mara jua la utosi, na kila zilipopita Tupokigwe alipisha. Na kila alipopisha, Kapteni alipungua. Kwanza ilipotea sauti, ikabaki mnong'ono. Kisha ukapotea uzito. Mama Atupele alisema usiku mumewe akigeuka godoro halibonyei. Hospitali walimpima wakasema damu iko sawa, moyo uko sawa, apumzike. Ipyana, mume wa Tupokigwe, alikuwa Karonga na mchele wake wa kuuza, na simu yake ilipokea siku ilipojisikia.

Mama Atupele akaita mganga kutoka ng'ambo, mtu mmoja anaitwa Dickson, mwenye maneno mengi na mkoba mkubwa. Alikaa kwenye kiti cha Kapteni sebuleni akaanza kueleza bei. Katikati ya maelezo akanyamaza, akanyanyuka polepole kama mtu aliyegundua kwamba amekalia mapaja ya mtu. "Hapa pana mwenyewe," alinong'ona, akatoka. Mkoba aliuacha, na kiatu kimoja.

Kisha harufu nayo ikahamia mle nyumbani. Ngozi mbichi iliyolowa, na tumbaku ya kiko, wakati hapakuwa na mvutaji katika nyumba ile. Iliushinda hata uchachu wa kakao.

Mchana mmoja mvua ilishuka kwa nguvu mpaka uani kukawa giza. Tupokigwe alikuwa jikoni, na ukuta wa jiko ndio ukuta wa chumba cha Kapteni. Akasikia kucha zikikwaruza tofali.

"Kuku," ulisema mnong'ono upande wa pili. "Mwenzio yuko hapo?"

"Jiko," alijibu Tupokigwe, na sauti yake haikuwa kubwa kuliko mvuke wa chungu, "sema niko."

"Mwambie huyo anayetembea ni Bwana Shauri."

Tupokigwe aliweka mwiko chini.

Kapteni alieleza kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache. Bwana Shauri, Mzungu aliyeitwa hivyo kwa cheo chake, alikuja zamani za Wajerumani, kwanza askari wa mpakani, kisha akapewa watu wa mto awasimamie. "Kazi ileile niliyopewa mimi," alisema. Mzungu yule aliona jinsi wake za watu wanavyowapisha baba wakwe zao, akaipenda. Akaamuru apishwe yeye hivyohivyo, na wanaume, na wanawake, na wazee wenye mvi: watoke njiani waingie kwenye tope, wampe mgongo mpaka apite. Alikufa kwa homa palepale mtoni, na hapakuwa na mtu wa huku aliyeujua uso wake.

"Kule nyumba ya mawe alipita mbele yangu kila jioni," alinong'ona Kapteni. "Sikusimama. Sikupiga saluti. Nilikula ugali wangu. Asipopishwa hana nguvu yule. Nilidhani mto umemla na nyumba yake. Kuku, mwulize mwenzio, huku nyumbani kuna mtu anampisha?"

Tupokigwe alikaa chini. "Jiko," alisema, "sema ni mimi. Kila siku. Nilidhani ni yeye."

"Mimi sijatoka nje tangu mpunga uanze kuchanua."

Mvua iliendelea kupiga bati. Kisha mnong'ono ule ukaja mara ya mwisho, mwembamba kabisa: "Anachukua heshima yangu, na mimi ninakwisha nayo. Akipishwa tena, mama, sitaiona kesho."

Alikuwa amesahau kumtaja kuku, na hilo lilimtisha Tupokigwe kuliko yote aliyoyasikia.

Mama Atupele alipoambiwa alishika kichwa. "Na ukimwangalia halafu ikawa ni yeye kweli? Ipyana atakurudisha Ndandalo kwa wazazi wako. Na mimi nitamwambia akurudishe. Utakuwa umetuvunjia nyumba."

"Nyumba inavunjwa, Mama," alisema Tupokigwe, "na mimi nimegeuka."

Alikuwa na hofu, lakini zaidi ya hofu alikuwa na hasira. Hasira ya mtu aliyeheshimu kwa moyo wake wote, kisha akagundua kwamba heshima yake inaliwa na mwizi.

Mvua ilipopungua buti zikaja. Alizisikia kutoka mbali, zikikanyaga maji barabarani bila haraka, akatoka akasimama katikati ya njia, akafungua kitenge kichwani akakifunga kiunoni, na shingo yake ikaanza kugeuka yenyewe kuelekea mgomba kwa sababu shingo nayo ina mazoea yake, akaishika kwa mikono miwili akairudisha, na harufu ya ngozi iliyolowa ikamjaa kooni, na kikohozi kikaja, kikohozi chenyewe kabisa cha baba mkwe wake, kiasi kwamba moyo ukamwambia geuka mjinga wewe, huyu ni mzee wa watu anarudi kwake na wewe unamvunjia heshima hadharani, na buti zikafika, zikasimama, akainua macho.

Kulikuwa na koti la vifungo vya shaba. Kulikuwa na kofia. Chini ya kofia hapakuwa na kitu, ila ngozi iliyosawazishwa kama chungu cha wafinyanzi wa Ikombe kabla hakijatiwa urembo, bila jicho, bila mdomo, na ngozi ile ikamwinamia ikamnusa.

"Pisha," ilisema.

"Sipishi."

Baridi ikamwingia mifupani, akahisi sauti yake inavutwa kifuani kama ndoo kisimani. Akaing'ang'ania.

"Mimi nimeolewa hapa," alisema. "Ng'ombe walitoka, watu wakala, wakacheza. Wewe nani amekuoa? Zunguka."

Kile kitu kiliinua mkono. Mama Atupele, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akatoka. Akaja akasimama bega kwa bega na mkwewe, akainua kidevu akakitazama. "Wamekupisha babu zangu," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Inatosha. Hata mimi sikupishi."

Inawezekana kwamba katika maisha yake yote na kifo chake chote hakikuwahi kusimamishwa njiani. Hakikujua kuzunguka. Kilisogea mbele, wanawake hawakusogea. Kikayumba, kikarudi nyuma hatua, na hatua ile ikatua nje ya njia, kwenye tope la migomba, tope kama lile alilowatupia watu wa mtoni. Tope likashika buti. Kikajaribu kung'oa mguu, kikazama magotini, kisha kiunoni, kikikohoa sasa kwa sauti ngeni, sauti ya mgonjwa wa homa asiye na mtu wa kumpa maji. Kofia ilielea kidogo. Kisha yakabaki maji ya mvua tu, na mapovu.

Mama Atupele alikaa chini palepale kwenye matope, akalia kwa nguvu bila kuona aibu.

Nyuma yao mlango ukafunguliwa. Hatua za miguu mitupu zilishuka kibarazani, nzito, zenye mwili. Tupokigwe, pamoja na yote aliyotoka kufanya, aligeuka upesi akautazama mgomba.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Kapteni. "Geuka."

Hakugeuka. "Tata," alisema, yaani baba, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake, "nitajuaje kuwa ni wewe?"

"Niangalie."

Aligeuka. Miaka yote alimdhania mrefu, kwa ajili ya zile buti. Alikuwa mzee mfupi, masikio yamechomoza, shati limefungwa vibaya, na machozi yakimtoka. Alisimama akiangaliwa na hakukwepa.

"Shikamoo, Tata," alisema Tupokigwe.

"Marahaba," alisema Kapteni Angetile, akasogea pembeni akampisha aingie ndani.