Rili Isiyo na Mshipi

Rafiki yangu fundi saa si mtu wa kuzua mambo. Anakusanya fito kuukuu za kuvulia samaki na rili zake, vile vigurudumu vya kukunjia mshipi, na rili moja aliinunua kwa mjane wa mteja wake.

"Shemeji, mshipi wake usiukate," mama yule alimsihi.

Mbishi wa kuzaliwa, rafiki yangu alipofika kwake aliukata wote, akautupa, akaipaka rili mafuta na kuifungia stoo, chumba kisicho na dirisha.

Kesho yake mchana akasikia: krrr... krrr... Rili hulia hivyo samaki akikimbia na mshipi.

"Mama watoto, uko stoo?"

"Niko jikoni!"

Akaingia, roho mkononi, akapapasa gizani. Rili ilikuwa tupu, nayo inazunguka. Akaukamata mpini wake aisimamishe.

Mle gizani, kitu kikamvuta.