Mstari Chini ya Plastiki

Fundi Obure wa Roret hapendi habari hii isimuliwe, lakini mimi ni jirani yake na ule ukuta nimeuona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua limewaka vizuri juu ya majani chai. Obure aliitwa kule Kiptere kubandika plastiki kwenye kuta za sebule ya Mama Eucabeth, zile nyeupe za maua ambazo siku hizi kila nyumba inazitaka. Unapima, unakata, unapaka gundi, unakandamiza. Basi.

Kando ya mlango palikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, ya mtoto anayepimwa urefu.

"Anzia hapo," Mama Eucabeth alinong'ona. "Ni ya Gordon wangu. Tulikuwa tunampima kila Jumapili."

"Sasa yuko shule gani?"

"Tulimzika akiwa na miaka saba." Akagusa mstari mmoja. "Huu ndio wa mwisho niliochora mimi. Hiyo mitano ya juu si yangu. Fundi, nakuomba, penseli yako usiiweke chini humu ndani."

Obure alicheka kimoyomoyo. Wateja nao! Lakini plastiki haikandamizwi kwa mkono mmoja. Akaiweka penseli dirishani, dakika moja tu.

Gundi ilishika. Akapapasa kutoa hewa. Ndipo akasikia kwaru, kwaru. Ndani. Chini ya plastiki, mstari ulikuwa ukichorwa. Polepole. Akageuka dirishani. Penseli haikuwepo.

Wololo! Alitoka mbio, akaacha ndoo ya gundi, akaacha hata koti. Alidandia boda mpaka Roret, mvua ya saa tisa ikimpiga asiisikie.

Mlangoni kwake alimkuta Moureen, bintiye wa miaka saba, amesimama wima, mgongo na visigino vimegusa ukuta.

"Unafanya nini hapo?"

"Baba, kuna kijana amenipima. Ametoka sasa hivi."

Upana wa kidole kimoja juu ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na mstari. Kizingitini ililala penseli ya Obure, ile aliyoitafuna kwa meno, imejaa gundi mbichi.

"Amesema nikifika hapo, atakuja kunichukua tukacheze."

Obure aliufuta mstari kwa sabuni. Akaupaka rangi. Mwishowe akaubandikia plastiki, na asubuhi akaukuta juu ya plastiki. Wamehama chumba mara mbili, nao unawatangulia. Anaogopa, wala hafichi. Mtoto akimaliza sahani ya ugali, yeye anautazama ule mstari.

Jana mkewe, Kemuma, alimwambia kwa furaha kwamba viatu vya shule vya Moureen vimeanza kumbana.